Kioo cha Yekoniya

Siku hiyo mjinga alikuwa Jotham, na hata leo habishi. Alitaka kumtafutia mchumba rafiki yake Yekoniya, basi akachukua tangazo alilowahi kujiandikia mwenyewe, akabadilisha jina na picha, akalirusha Facebook kwenye kundi la Waafrika Mashariki wa Dubai. Mstari wa mwisho alisahau kuufuta: "Tukutane Ijumaa alasiri, mkahawa ulio mkabala na mafundi cherehani, Satwa." Yekoniya alikuwa jela.

Alifungwa kwa kutoroka kazi. Siku anayodaiwa kutoroka alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya kazi, kulalamika kwamba arbab wake, yaani mwajiri, ameikalia pasipoti yake. Kesi ilimngoja arbab, na arbab hakuwa na haraka.

Ijumaa akaja Eseza, mtumishi wa nyumbani kutoka Jinja, kavaa viatu vya kanisani. Yekoniya naye, kwa kuwa tangazo lilisema Ijumaa, akaja. Alikuja na kile kioo kinene cha chumba cha wageni gerezani, kinachomtenga mfungwa na mgeni wake, kikimtangulia hatua moja, simu mbili zikining'inia, moja kila upande. Mlangoni kilipita kwa ubavu. Mhudumu aliuliza kama kioo nacho kinakunywa chai. Akaambiwa hapana, akasogeza meza.

"Tangazo linasema una makazi bure, chakula bure, na mlinzi getini," Eseza alisema kwenye simu. "Nikadhani uko hotelini."

"Huyo ni Jotham," alijibu Yekoniya. "Lakini hajadanganya."

Eseza alicheka mpaka kioo kikafanya ukungu. Mhudumu akapita na kitambaa, akakipangusa, akaweka chai huku na chai kule.

Wakawa wanaonana kila Ijumaa. Mafundi walizoea kuwaleta wateja wajitazame suti kwenye kile kioo, na Yekoniya, akiwa upande wa pili, aliwaambia ukweli kuhusu mabega. Afisa wa zamu alipiga simu mara moja tu, kwa adabu, kuuliza kitarudi saa ngapi. Kuna wageni wengine wanakihitaji. Arbab bado hakuwa na haraka.

Ijumaa Eseza alipotangaza kwamba amekubali kuolewa, mkahawa mzima ulipiga vigelegele. Jotham peke yake alikunja uso.

"Wewe Yekoniya, si umeshatoka? Kimbia, buda!"

Yekoniya alipiga hatua kushoto. Kioo kikapiga hatua kushoto.

"Basi wewe, dada," Jotham alimgeukia Eseza. "Dubai imejaa wanaume huru, mimi nikiwemo. Utaishije na mtu mwenye kioo?"

Eseza aliweka kikombe chini.

"Mimi, Ijumaa ikipita, madam hunifungia mlango kwa nje. Wewe hata Nairobi huendi mpaka arbab wako atake. Sote tuna vioo, kaka. Cha huyu angalau nakiona, najua pa kugonga."