Jipu Bichi

Jipu lilijua pa kuota: juu ya mdomo wa Julieth, chini kidogo ya pua, na wiki yenyewe ndiyo ya komunyo ya kwanza. Gauni jeupe lilishashonwa na fundi wa Gongoni, mpiga picha alishaitwa. Apolinaria alimtazama bintiye, akasonya. Picha ile ingekaa ukutani miaka na miaka, na jipu lake.

Sasa wewe mama, jipu bichi unalitakia nini? Lakini nani angemkataza, naye keshaamua. Alimbana mtoto katikati ya magoti, akalikamua kwa kucha. Julieth alipolia, aliambiwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Ikatoka damu tupu.

Kufika Jumamosi uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba, mtoto anatetemeka kwa homa. Wakatoka kijijini kwao Kigwa kwa pikipiki hadi hospitali, mjini Tabora, Apolinaria akisali njia nzima.

Daktari Kherunisa alitundika dripu ya dawa kwanza, ndipo akauliza, "Nani alilikamua hili jipu?"

Apolinaria alifungua mdomo. Kwa haya akainama kumfunika mtoto shuka.

"Mimi mwenyewe," akasema Julieth.

Daktari akatikisa kichwa. "Mwanangu, mwili una askari wake, chembechembe nyeupe za damu. Walishawazingira bakteria pale, wakawajengea ukuta. Ulipokamua ukaubomoa, bakteria wakapenya hadi karibu na jicho. Huko si mbali na ubongo. Wangeweza kukuua. Usirudie, unasikia?"

"Nasikia, daktari. Nisamehe."

Basi mtoto akaomba msamaha, na mtu mzima mwenye kosa yupo palepale. Apolinaria alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijiambia atasema kesho, mtoto akipata nafuu. Jumapili wenzake Julieth walipokea komunyo, yeye yuko kitandani, na mama yake bado hajasema neno.

Jumatatu homa ilishuka. Jicho likafumbuka kidogo, Julieth akaomba uji. Apolinaria alimnywesha huku machozi yakimtoka, na mtoto akadhani ni furaha.

"Mama," akasema, "Padre akija kuniungamisha, ule uongo niutaje?"

"Uongo upi?" Apolinaria aliuliza, ingawa alijua vizuri.

"Wa jipu. Nikiutaja, atajua ni wewe."

Apolinaria aliweka kikombe chini, akatoka kwenda kumtafuta daktari.