Mguu Uliokuwa Hewani

Mota ya feni ya tanuri ilikuwa imekula beringi nyingine, na safari hii meneja, Paresh, hakufoka. Alisema kwa upole tu kwamba ikiharibika tena, kazi za mota watapewa watu wa nje, na Ambrose atahamishiwa stoo akapange makopo ya grisi. Upole huo ndio uliomtisha Adelina.

Ambrose ndiye aliyemwingiza katika kiwanda hiki cha mikate, hapa Edmonton, ughaibuni, akamfundisha kushika spana. Wote ni watu wa Rombo. Kila asubuhi Adelina humwamkia shikamoo kando ya mashine, na wenzao hudhani ni dua ya kazi. Fundi hodari, Ambrose, lakini mtetemo wa mashine kwake ulikuwa na dawa moja tu: kukaza. Huchomeka bomba kwenye mpini wa spana, akavuta hadi mishipa ya shingo imtoke.

Siku alipoifunga mota hii, Adelina aliona mguu mmoja wa mota haujagusa kitako cha chuma. Karatasi ingepita chini yake. Alifungua kinywa, akakifunga. Mkubwa hakosolewi mbele za watu, na watu walikuwepo. Bolti ikauvuta mguu chini kwa nguvu. Mwili wa mota ndio uliopinda, na beringi zikabeba adhabu.

Leo, mota ikiwa imefungwa tena na beringi mpya, alingoja wenzao waende kunywa chai. Umeme ulikuwa umekatwa na kufuli limewekwa kwenye swichi.

"Baba, naomba unisomee geji. Macho yangu leo siyaamini."

"Macho ya mtoto kama wewe?" Lakini alichuchumaa.

Adelina aliegesha geji, kipimo chenye mshale, juu ya mguu wa kwanza, akalegeza bolti. Mshale haukusogea. Akaikaza, akaenda wa pili, kisha wa tatu, mshale umetulia. Kwenye wa nne, spana ilizunguka kidogo tu na mshale ukakimbia. Mguu ulikuwa unainuka wenyewe.

Ambrose aliutazama. "Ulikuwa hewani tangu siku ile."

"Ndiyo."

"Uliuona?"

Angeweza kudanganya. "Niliuona, baba. Kulikuwa na watu."

"Mkubwa ni jalala, mwanangu. Ungetupa tu neno lako, ningelibeba." Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Adelina zaidi. Heshima yake ilikaribia kumpeleka mzee stoo.

Walipima pengo, wakachomeka chini ya mguu kibati cha unene uleule, wakakaza bila bomba. Walipolegeza tena kujaribu, mshale haukusogea. Wakalinganisha shafti ya mota na ya feni, na mota ilipowashwa Ambrose akaweka kikombe cha chai juu yake. Chai ilitulia.

Wiki iliyofuata ililetwa mota ya pampu. Mafundi wote walikuwepo, na Paresh pia, mikono kifuani. Ambrose alishika spana, kisha akaiweka chini.

"Adelina, pima kwanza. Uniambie kabla sijakaza."

Adelina alipiga magoti, akapitisha kibati chembamba chini ya kila mguu. Kwenye mmoja kilipita.

"Baba," alisema, kwa sauti iliyosikika na wote, "huu uko hewani."