Mkurugenzi Yuko Kikaoni

Machale yalianza kumcheza Mama Ngazi siku shemeji yake alipomuuliza kama amekula.

Alikuwa amemfanyia kazi shemeji huyo, kaka mkubwa wa mumewe, mkandarasi wa majengo, kwa miaka minane, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuulizwa habari za tumbo lake. Salamu ya mkandarasi ilikuwa ileile kila siku: "Mmefika ukuta gani?" Jina la Mama Ngazi alipewa na mafundi wenzake, kwa kuwa ngazi ambayo wanaume waliipanda kwa kusitasita, yeye aliipanda na ndoo mkononi huku akiwasimulia kisa. Ukuta aliupaka rangi kama mtu anayempaka mtoto mafuta, hasahau hata makwapa.

Siku hiyo walikuwa wakimalizia wodi ya wazazi katika zahanati ya serikali. Mkandarasi aliingia, akasimama chini ya ngazi, akatabasamu hadi magego yakaonekana.

"Shemeji, umekula lakini?"

"Nimekula."

"Na mgongo je? Kazi hii ngumu, usije ukajiumiza."

Mama Ngazi aligeuka kutazama kama kuna shemeji mwingine mle wodini.

"Sasa sikia," mkandarasi akaendelea, "kesho usije na ovaroli. Vaa gauni zuri. Kuna wageni kutoka serikalini. Wewe utakaa ofisini kwa matroni, utawasalimia, mtapiga picha, utasaini mahali, basi."

"Na ukuta wa dirishani ataumaliza nani?"

"Achana na ukuta bwana! Siku hizi serikali inapenda kuona wanawake kazini."

"Kazini na gauni?"

Mkandarasi alicheka, akaondoka akipiga mluzi. Mluzi ule ndio uliomkosesha raha kabisa. Shemeji yake hakuwa mtu wa kupiga mluzi.

Jioni alimsubiri mumewe akae mezani. Mumewe alikuwa dereva wa lori la mchanga, lori la kaka yake huyohuyo, mtu mpole asiyependa makelele. Alipokwisha kumega tonge la kwanza, Mama Ngazi akamuuliza, "Kaka yako ananitakia nini?"

Tonge likasimama njiani.

"Mbona hivyo? Wewe vaa tu hilo gauni, mke wangu. Kuvaa gauni kuna ubaya gani?"

Mama Ngazi alikuwa hajamwambia habari za gauni. Halafu hilo "mke wangu", mumewe hulitoa pale tu anapokuwa amevunja kitu.

Alipokuwa akiosha vyombo, mambo madogomadogo yalianza kumrudia moja moja. Mwaka uliopita mumewe alichukua kitambulisho chake na picha zake mbili, akamletea karatasi asaini sehemu tatu. Bima ya mafundi, alisema. Akasaini amesimama, mikono ina unga. Haikupita wiki, laini yake ya zamani ya simu ikaharibika. Mumewe ndiye aliyeichukua kwenda kuitengenezesha, na ndiye aliyerudi akasema imekufa, akamletea nyingine mpya. Bima yenyewe hajaiona mpaka leo.

Asubuhi alivaa ovaroli, gauni akalitia kwenye mfuko, akafika zahanati kabla ya wenzake. Getini kulikuwa na bango ambalo kwa wiki tatu lilifunikwa kwa nailoni ya bluu. Leo nailoni ilikuwa imetolewa. Aliweka mfuko chini, akasoma polepole.

Mradi: ukarabati wa wodi ya wazazi. Aina ya zabuni: maalumu kwa kampuni zinazomilikiwa na wanawake. Chini yake palikuwa na jina la kampuni asiyoijua, na chini ya hilo namba ya simu.

Namba hiyo aliijua kama anavyojua majina ya wanawe. Ilikuwa laini yake iliyokufa.

Alitoa simu, akapiga. Ikaita mara mbili. Akapokea msichana mwenye sauti laini, sauti ya karani wa mkandarasi, yule anayewapangia mafundi zamu zao.

"Ofisi ya mkurugenzi, habari za asubuhi."

"Nzuri," akasema Mama Ngazi, akiibana pua ili asijulikane. "Nimemkuta mkurugenzi?"

"Mkurugenzi yuko kikaoni. Nimwambie nani kapiga?"

"Kwani mkurugenzi wenu ni nani?"

Karani akataja jina kamili la Mama Ngazi, lake, la baba yake na la babu yake, halafu akaongeza kwa adabu, "Mama yetu ana shughuli nyingi sana siku hizi."

Mama Ngazi alikata simu. Alibaki amelikodolea macho bango. Redioni aliwahi kusikia kwamba serikali imetenga sehemu ya zabuni zake kwa ajili ya wanawake, wapate kusimama wenyewe, na alifurahi kwa ajili ya wanawake hao, popote walipo. Kumbe mmojawapo ni yeye! Yeye anayelipwa kibarua cha kutwa na kampuni yake mwenyewe!

Kisha wazo jingine likamjia. Aliingia wodini mbiombio, akauendea ukuta wa dirishani. Wiki mbili zilizopita alimwambia mkandarasi kwamba ukuta ule una unyevu, ukwanguliwe, ukaushwe, upigwe msasa, ndipo upakwe rangi ya mafuta inayoweza kuoshwa, kwa kuwa ni wodi ya wazazi na damu ni damu. Mkandarasi alileta rangi ya maji, nayo imezimuliwa hadi inachuruzika kama uji wa mgonjwa. "We paka tu," alimwambia. Akapaka. Sasa madoa ya ukungu yalikuwa yameshaanza kuchungulia. Rangi ikibanduka, mwenye kampuni ndiye atakayeitwa. Na atakayesaini leo kwamba kazi ni safi ni nani?

Gauni halikutoka mfukoni.

Wageni walikuja saa nne: mkaguzi wa zabuni, mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya kutembelea, pamoja na mpiga picha. Mkandarasi alipomwona shemeji yake na ovaroli alipauka, lakini akajikaza.

"Mheshimiwa, huyu ndiye mkurugenzi wetu! Mama shupavu! Hakai ofisini, anashinda na mafundi wake!"

Mama Ngazi alikisikiliza kilemba hicho cha ukoka bila kupepesa macho.

"Kampuni mliianzisha lini?" mkaguzi akamuuliza.

"Mwaka jana," akajibu mkandarasi.

"Mafundi wangapi?"

"Tisa, mheshimiwa."

"Namuuliza yeye." Mkaguzi hakupandisha sauti. Alimtazama Mama Ngazi kwa jicho lisilosomeka, na Mama Ngazi akajiuliza kama na huyu naye yumo. Mbona anauliza kama mtu anayeyajua majibu? Mbona fomu mkononi mwake imekwisha kujazwa, imebaki sahihi tu?

"Mkurugenzi," mkaguzi akamnyooshea kalamu, "umeridhika na kazi?"

Mkandarasi alikuwa akitabasamu kwa meno, huku macho yakimsihi. Mama Ngazi hakuipokea kalamu. Alichomoa kikwangulio mfukoni, akaenda kwenye ukuta wa dirishani, akakisukuma mara moja tu. Rangi ikabanduka kipande kizima, kama ganda la yai la kuchemsha, na nyuma yake ukuta ukaonekana mweusi, umelowa.

"Sijaridhika," akasema. "Kazi hii haijaisha."

"Shemeji!" mkandarasi akapaza sauti.

"Bee, shemeji. Kwani mkurugenzi si mimi?"

Kwa mkandarasi, kusema siye kungekuwa kujikaanga mwenyewe mbele ya mkaguzi.

"Basi kama ni mimi, ukuta wote unakwanguliwa. Inakuja rangi ya mafuta, tena isiyozimuliwa. Mheshimiwa, nahitaji wiki mbili."

Mkaguzi aliandika kitu, akampa wiki mbili. Walipokuwa wakitoka alimvuta kando ukumbini.

"Mwaka huu nimekutana na wakurugenzi kumi na mmoja kwa mpango huu," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye wa kwanza mwenye rangi kwenye kucha."

"Na wale kumi uliwafanya nini?"

Mkaguzi alitazama viatu vyake. "Karatasi zao zilikuwa sawa," akasema. "Nilizipitisha." Akaondoka bila kuaga.

Nyumbani, mumewe alikuwa amemtangulia. Kaka yake alikwisha kumpigia.

"Aliniambia ni jina tu," akasema kabla hajaulizwa. "Jina haliumi, akasema. Nami nina lori lake."

"Mimi je? Ningekwenda jela, ungeniletea chakula kwa lori lake?"

Kesho yake mumewe alirudi na laini ya simu ndani ya bahasha, bila lori. Mama Ngazi aliipokea. Hakumshukuru, lakini chakula alimpakulia.

Mkandarasi alizichukua ngazi zake na majukwaa yake yote siku hiyohiyo, akatangaza kwa ukoo mzima kwamba mke wa mdogo wake amempora. Kati ya mafundi tisa, watano walibaki. Waliazima ngazi kwa fundi umeme, wakakwangua ukuta mpaka tofali, wakauacha ukauke huku wakiomba mvua isinyeshe. Asubuhi moja Mama Ngazi alikwenda peke yake ofisi ya usajili, akaomba nakala za hati za kampuni yake, akazisoma kwenye benchi neno kwa neno. Benki nako alikuta kwamba mwingine anayeruhusiwa kusaini hundi ni shemeji yake. Alilifuta jina hilo, na alipoulizwa nani awekwe mahali pake, mume pengine, alisema paachwe wazi.

Siku ya kumi na tatu matroni alimwaga maji ya sabuni ukutani, akasugua kwa nguvu kama mtu mwenye kisasi, kisha akatazama kitambaa chake. Kilikuwa cheupe. "Haya, leteni vitanda," akasema.

Mwezi uliofuata ilikuja bahasha ya serikali, mwaliko wa kuomba zabuni ya shule mbili, umesainiwa na mkaguzi yuleyule. Mama Ngazi aliifungulia mezani. Mumewe alivuta kiti, akainama akichungulia.

"Wanasemaje?"

Aliukunja ukurasa wa kwanza, akauweka upande wake mwenyewe wa meza.

"Bado nasoma," akamjibu.