Farasi wa Mfalme wa Wafalme

Mke wangu Golandam alikaa siku thelathini na moja ndani ya zizi la farasi, na siku ya thelathini na mbili alitolewa. Askari hawakumgusa humo ndani hata kwa kidole. Aliyefanya kazi ya kumtoa ni mimi mumewe, kwa nyundo yangu mwenyewe, tena huku naimba.

Ugomvi ulianzia kwenye bustani. Baba yake alimwachia bustani ya makomamanga kando ya kijito, juu kidogo ya mji wetu wa Sarchal. Si kubwa, miti arobaini na kitu, na ukuta wa udongo ambao kila theluji ikiyeyuka nilikuwa naukandika upya. Watoto wawili tuliowapata hatukuwaona wakitembea. Bustani ile ndiyo aliyoilea. Sasa liwali wetu, mmoja wa watoto wa mfalme kwa mke wa kumi na ngapi sijui, akapita siku moja kuwinda, akaona kijito, akasema hapa panafaa nyumba ya kiangazi. Huyo liwali alikuwa na lakabu aliyoipata Tehran kwa kupeleka huko mashali ya Kashmir, mzigo wa nyumbu mzima. Aliitwa Panah-ol-Molk, maana yake Kimbilio la Ufalme. Kimbilio!

Wakaja watu wake na karatasi.

"Bibi, tia muhuri wako hapa."

"Nimeuza lini?" akauliza Golandam.

"Liwali ananunua."

"Basi akanunue kwa anayeuza. Mimi nachuma makomamanga, nipisheni."

Kwetu mali ya mwanamke ni yake, na kadhi haandiki mauzo bila muhuri wa mwenyewe. Muhuri wa Golandam ulikuwa kijiwe chekundu kama punje ya komamanga, ameuvaa shingoni kwa uzi. Mkubwa wao akautazama ule uzi, kisha akanitazama miguu. "Kesho tutakuja na fimbo za nyayo," akasema. "Tutaona mkeo atavumilia kelele zako mpaka fimbo ya ngapi."

Jioni hiyo hiyo akaja karakanani kwangu Mirza Esfandyar, karani wa liwali. Mimi ni usta, yaani fundi, wa kupiga vyuma kwenye kwato, na Mirza alikuwa na nyumbu mwenye kwato mbovu, kwa hiyo kila wiki alikaa kwangu, akinywa chai yangu, akinieleza mambo ya vitabuni. Nilimpenda. Mtu asiyesoma humpenda anayesoma mbele yake bila kumcheka.

"Usta Khodaverdi," akaniambia, "unajua maana ya Shahanshah?"

"Mfalme wa wafalme. Nani asiyejua?"

"Unajua maneno tu. Nenda njia ya Kermanshah, uutazame mlima wa Bisotun. Juu kule, mahali ambapo hata mbuzi hafiki, mfalme wa kale amechonga jina lake. Mfaranga mmoja, mtu wa Ulaya, alijining'iniza kwa kamba mpaka akalisoma. Ameandika: mimi ni khshayathiya wa khshayathiya wote. Ndilo hilo hilo neno shah. Lilikuwa refu, likatumika, likatumika, mpaka limebaki hivi."

"Kama chuma cha kwato," nikasema.

"Barabara. Na maana yake ni mwenye uwezo. Zamani kila bonde lilikuwa na mwenye uwezo wake, na kila mmoja anamla mtu wake. Ndipo akatokea mmoja juu yao wote. Cheo hicho kilizaliwa hapo. Maana yake ni kwamba hakuna mkubwa asiyekuwa na mkubwa wake. Ukionewa na mfalme wako mdogo, unaye mwingine wa kumlilia."

Golandam alikuwa mlangoni, ameleta mkate. Akauliza, "Na huyo wa juu atanisikiaje, Mirza? Kwa kamba kama Mfaranga?"

"Kwa farasi, dada yangu."

Kuna zizi mjini kwetu ambalo si la liwali. Kila kipupwe hukaa humo farasi sita wa Shahanshah, wana alama ya moto pajani. Na desturi ni ya zamani kuliko ukuta wa mji: mtu aliyeonewa akiingia zizi la Shahanshah, akakaa karibu na kichwa cha farasi wake, yuko chini ya mkono wa Shahanshah. Hilo ndilo tunaliita bast. Hata muuaji haguswi. Wanasema anayevunja bast, farasi yule hatambeba tena salama. Nimepiga vyuma miaka thelathini sijamwona aliyejaribu.

"Aingie humo," Mirza akasema. "Mimi nitawaandikia barua, iende Tehran kwa tarishi. Atakaa mpaka jibu lirudi."

Kabla jua halijachomoza Golandam alikuwa zizini, na blanketi, na sufuria, na muhuri wake.

Mkuu wa zizi, Karbalai Shokr, alimpokea kwa dhihaka. "Bibi harusi, umeolewa na yupi kati ya hawa sita?"

"Yule asiyekoroma," akajibu Golandam. "Wa nyumbani anakoroma."

Alimchagua Tarlan, mzee wa kijivu, mgonjwa wa kifua kama yeye mwenyewe. Walilala wameegemeana. Mimi niliingia na kutoka. Hawakunigusa. Fimbo za nini, wakati mwenye muhuri hawezi kutolewa hata nikilia? Tena miguu yangu wangeipiga, farasi zao nani angewahudumia? Nilimpelekea supu ya dengu, mkate, na turnipu za kuchemsha ambazo kifua chake kilizipenda. Nje theluji ilifika magotini. Ndani joto la farasi lilitosha. Kila nikifika swali lilikuwa moja: "Jibu limekuja?"

"Bado."

"Njia ni mbaya," angesema. "Tarishi naye binadamu." Alimtetea Mfalme wa Wafalme kama mtu anavyomtetea shemeji anayechelewa kurudisha punda.

Siku ya ishirini na tisa Mirza akaja mbio karakanani, ndevu zimeganda barafu. "Usta! Limekuja! Mjumbe wa Shahanshah yuko kwenye nyumba ya wasafiri, mwendo wa nusu siku. Ana joho la heshima la liwali, na ana jibu la mkeo mkobani."

Niliketi chini. Sioni haya kusema.

"Lakini sikiliza," akaendelea. "Unajua desturi. Joho la Shahanshah halipokelewi mjini. Liwali lazima atoke nje akalipokee njiani, na farasi wa Shahanshah wamtangulie. Njia ni kioo kitupu. Farasi wote sita wanataka misumari ya kushika barafu. Hakuna mwingine mjini wa kuipiga."

Nani angekataa? Kila mtu kwetu anajua joho hupokelewa hivyo. Baba yangu aliwapigia vyuma farasi wa namna hiyo mara mbili. Nilifua misumari yenye vichwa vilivyochongoka, nikawapigia farasi watatu siku ya kwanza na watatu ya pili. Golandam alinishikia taa pembeni, akikohoa, akicheka.

"Umpigie vizuri Tarlan. Asiteleze na barua yangu."

"Huyu? Huyu sasa atapanda ukuta."

Ndipo nilipoimba. Wimbo wa harusi, ule wa kijinga.

Asubuhi ya siku ya thelathini na mbili Karbalai Shokr akaanza kuwafungua. Hakuwa na dhihaka siku hiyo. Alifungua kamba akitazama miguu yake.

"Unawatoa wote, Karbalai?" Golandam akauliza.

"Wote, dada."

"Hata Tarlan?"

"Amri, dada."

Wa kwanza akatoka, wa pili, wa tatu. Mlangoni niliwaona askari sita wamekunja mikono. Nyuma yao Mirza Esfandyar, na kisanduku chake cha wino. Mimi bado nilidhani wamekuja kwa heshima ya mjumbe. Mke wangu alielewa kabla yangu.

"Usta," akasema polepole, "mjumbe gani anayepokewa na farasi mgonjwa?"

Wa tano akatoka. Zizi likawa baridi ghafla, kama sufuria iliyofunuliwa kifuniko. Zizi bila farasi ni banda tu, na banda halina bast. Golandam hakulia. Alizishika nywele za shingo ya Tarlan kwa mikono miwili, na Tarlan alipotolewa, akatoka naye.

Askari wakarudi nyuma hatua moja. Hawakuthubutu. Mmoja akasema, "Mirza, bado amemshika farasi."

"Naona," akasema Mirza. "Twende nao tu."

Basi tukatembea. Mji mzima ulitoka milangoni. Farasi sita, mke wangu ameshikilia wa mwisho, askari nyuma, mimi upande wa pili. Tarlan alikanyaga barafu kama sakafu ya msikiti. Misumari yangu ilikuwa inauma vizuri, kr, kr, kr. Golandam alikuwa na viatu vya kitambaa. Nilitaka kuzunguka nimshike kiunoni.

"Mshike ukipenda," akaniambia Mirza, na sauti yake ilikuwa ile ile ya karakanani. "Ila mkono wake ukiachia farasi ukiwa ndani ya mkono wako, umemtoa wewe."

Nikabaki upande wangu. Nikamwambia, "Shikilia, mke wangu."

"Nashikilia. Nyamaza, unanichekesha."

Alifika hivyo mpaka lango la mji, na nje ya lango, mpaka mteremko wa darajani. Pale askari mmoja akakumbuka kwamba desturi inakataza kumgusa mtu tu. Farasi hakutajwa. Akampiga Tarlan mjeledi wa matako.

Kama ningempigia vyuma vibaya, yule mzee angeanguka, na mke wangu angeanguka naye, bado amemshika. Hakuanguka. Aliruka mbele, imara. Golandam aliburutwa hatua tano, sita, kisha akabaki juu ya barafu, kifua chini, na nywele za kijivu zimejaa ngumi zote mbili.

Hapo wakamgusa.

Mirza alipiga goti, akauvuta uzi shingoni mwake, akaupulizia muhuri pumzi ya joto ili ushike wino, akaubana kwenye karatasi. Kisha akamrudishia shingoni kwa adabu, kama mtu aliyeazima. Farasi walizungushwa darajani, na kabla ya adhuhuri walikuwa zizini wanakula shayiri. Mjumbe hakuwako. Joho halikuwako.

Nilimbeba nyumbani. Kifua kikajaa. Siku ya tisa tangu darajani Mirza akaja na kitita cha sukari, akasimama uani, hakuthubutu kuvua viatu.

"Nipe pole yako uondoke," nikamwambia.

"Usta, mimi ni mkono tu wa mtu. Angenikata mimi."

"Jambo moja, na useme kweli, maana leo huna cha kuogopa kwangu. Barua ilikwenda?"

"Ilikwenda. Wallahi ilikwenda. Na ilirudi."

Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. "Ilirudi lini?"

"Siku ya ishirini na nane."

"Imesemaje?"

Akatazama ukuta. "Kwetu makaratasi huandikwa pembeni. Shahanshah ameandika pembeni, au wameandika kwa jina lake: mwanetu Panah-ol-Molk alitazame jambo la mwanamke huyu na kulimaliza."

"Kumaliza."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Liwali aliisoma akacheka, akasema basi nimepewa amri, nitaimaliza. Akaniuliza namna."

"Nawe ukampa."

Kitita cha sukari alikiweka juu ya fuawe yangu, akaenda zake kwa miguu, maana nyumbu wake alikuwa anachechemea tena na hakuthubutu kuniletea.

Nilisimama pale uani na zile habari zake za mlimani. Mfalme juu ya wafalme. Kweli yuko, na kweli alisikia. Barua ilipanda mpaka kwake, naye akaishusha ngazi ile ile, ikaanguka mikononi mwa yule yule tuliyemkimbia. Ni mfalme wa wafalme, ndiyo. Wafalme ndio watu wake. Sisi hatukuwa wafalme, hakuna aliyetuambia kwamba jina halitufikii.

Niliingia ndani. Golandam alikuwa macho, midomo imekauka.

"Nani huyo?"

"Mtu wa sukari."

"Labda barua yangu inapandishwa kwa kamba ya Mfaranga," akasema, akajaribu kucheka, akakohoa mpaka nikamkalisha. Alipopata pumzi akanishika ukosi. "Usta. Muhuri waliutia kwa nguvu, kila mtu kaona. Jibu likija litaufuta. Si ndiyo? Yeye yuko juu yao."

"Yuko juu yao."

"Limekuja?"

Maji ya turnipu yalikuwa yanachemka. Niliyaepua kwanza, nikajipa muda huo mdogo.

"Bado," nikamwambia.

"Njia ni mbaya," akasema.

Alikufa siku ya kumi na moja. Niliomba nimzike chini ya makomamanga yake. Mlinzi wa lango jipya la bustani aliniambia niandike barua kwa liwali.