Blanketi ya Wageni Wawili

Nimeona mengi katika hii dunia, lakini sikuwahi kufikiria kwamba siku moja nitaona blanketi yangu mabegani mwa watu wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja na nusu yake. Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, mwezi wa kumi, kwenye uwanja wa zahanati yetu.

Blanketi yenyewe ilianzwa na mke wangu, Navalayo. Alikuwa anashonanga blanketi za viraka. Vitambaa alipewa na Bashir, fundi wa Mumias ambaye cherehani yake iko barazani pa duka la nafaka. Kila siku ya soko Bashir anamjazia mfuko wa mabaki, ncha za kanzu, mapindo ya sare za shule, vipande vya gauni za harusi. Mtu mwingine angefika nyumbani aanze kukata. Yeye hapana. Anaviosha, anavianika kwenye nyasi, halafu anaviacha hapo siku mbili tatu, akipita na maji anavitazama, akifukuza kuku anavitazama. Ukimuuliza anatafuta nini anakujibu, "Nangoja vizoeane."

Hii ya mwisho aliitaka iwe shamba la miwa, vile linaonekana ukiwa umeketi juu ya trela iliyojaa. Kijani cha miwa michanga, kijani cha iliyokomaa, kijani cha ile inayokaribia kukauka, na katikati barabara nyekundu za kupitisha trekta. Mimi nimekata miwa miaka kumi na tisa na sikujua kijani ziko ngapi. Yeye alihesabu kumi na moja.

Kabla hajafika nusu, presha ya damu ikaanza kumpanda, vidole vikafa ganzi. Akaniita, akaniketisha kwenye mkeka, akanipa sindano.

"Umeishika kama panga," akasema.

"Panga ndiyo ninayoijua."

"Basi jua na nyingine. Hicho kitambaa hakijakukosea."

Nikashona, yeye akisema. Uzi unaupitisha kwenye nta kwanza ndipo usijifunge mafundo. Chini unaweka gunia la unga lililochemshwa mpaka maandishi yatoke, katikati blanketi kuukuu, juu viraka. Halafu unaanza kushona katikati ukienda nje, polepole, ukifukuza mikunjo kuelekea pembeni kama mtu anayetoa kuku kwa nyumba. Ukianza pembeni, mikunjo yote inakimbilia kati na haitoki tena. Nilishona vibaya, akafumua. Nikashona tena, akafumua. Mara ya nne akanyamaza, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake.

Asubuhi moja alianguka jikoni. Nilimbeba kwa mkokoteni wa jirani mpaka zahanati. Kulikuwa na kufuli. Daktari amehamishwa, dawa hazijaletwa, funguo ziko kwa mkubwa fulani huko mjini. Akafia hapo kwenye ngazi, macho yakitazama mlango. Wao wana funguo, sisi tuna wagonjwa, na hakuna aliyewahi kuniambia ni nani alikosea.

Baada ya mazishi, siku ya wafiwa kunyoa nywele, dada zake walikuja kugawana nguo zake, kama inavyotakiwa kwetu. Mkubwa wao, Jescah, alichukua gauni, kitambaa cha kichwa, sweta, hata kamisi. Alipofika kwenye beseni lenye ile blanketi isiyokwisha, akaiinua na vidole viwili.

"Shemeji, hii si nguo. Hii ni takataka za fundi."

"Ndiyo, shemeji," nikasema. "Niachie takataka."

Hicho tu ndicho kilibaki cha mkono wake katika nyumba yangu. Nikakimaliza kwa miezi tisa, nikikaa mlangoni ambapo mwanga huingia vizuri. Vijana wakipita walisema Wanzala ameolewa na sindano. Waseme. Kuna siku kiraka kimoja kilinikatalia kuanzia asubuhi mpaka mchana, nikakigeuza, nikakigeuza, na kilipokaa sawa nilicheka peke yangu nikasahau kula. Sikujua mwanamume anaweza kufurahi hivyo bila pombe.

Ndipo akaja Elkanah, naibu wa chifu, na barua mkononi.

"Mzee Wanzala, kuna mgeni rasmi anakuja kufungua zahanati."

"Ifunguke kabisa? Na dawa?"

"Na dawa, na nesi wawili. Imeandikwa hapa. Sasa kamati imekaa, ikaona mgeni asipewe jogoo tena, wageni wamechoka na majogoo. Apewe kitu cha kwetu. Ile blanketi yako imesifiwa hata sokoni."

"Hiyo ni ya mama wa nyumba hii."

"Najua, mzee. Na mama alifia wapi?"

Hapo alinishika. Nilikaa nayo usiku mmoja, asubuhi nikaikunja na kuipeleka mwenyewe. Nilisema moyoni, ikiwa mlango ule utafunguka, Navalayo hatanuna. Hakuna aliyenilazimisha, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Siku yenyewe ikafika. Turubai, viti vya plastiki, akina mama wa kwaya. Niliketi mbali nyuma. Magari yakaja, tena yakaja mengine, na baada ya hotuba ndefu mwenye kipaza sauti akasema, "Sasa tunawavisha wageni wetu." Nikasikia wageni, nikadhani ni kosa la mdomo.

Wakavishwa. Mmoja nusu, na mwingine nusu.

Masikio yalianza kulia kama nyuki. Niliona kijani changu upande huu na barabara yangu nyekundu upande ule, na barabara haifiki popote. Nikasimama. Sikumbuki kupita kati ya watu, nakumbuka tu kwamba nilijikuta mbele, karibu na Elkanah, nikinong'ona.

"Nani amekata?"

"Polepole, mzee. Amekuja mgeni wa pili, yule anayegombea kiti cha ubunge na huyu wa kwanza. Hatukumtarajia. Mmoja apate, mwingine akose, na kura iko karibu, mimi nitaenda wapi?"

"Mkakata."

"Kwa makasi mazuri, si kisu. Tena ni viraka, mzee. Viraka ukivikata vinabaki viraka."

Hakuwa akinidhihaki. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata jibu la hesabu ngumu na anangoja kupongezwa. Kama angenitukana ningejua la kufanya.

Nikamtazama yule mgeni wa kwanza. Ukingo uliokatwa ulikuwa umening'inia kifuani pake, na blanketi kuukuu ya ndani inachungulia kama utumbo wa kuku. Makasi hayakufuata mshono. Yalipita katikati ya viraka vyenyewe, viraka kumi na tatu, macho yangu yalihesabu bila kutumwa.

Mkono wangu ukanyooka, ukashika blanketi begani pake.

Askari mmoja akasogea. Lakini mgeni akatabasamu, akafikiri ni mila yetu, kwamba mzee huvisha na mzee huvua. Akainamisha kichwa ili nimvue vizuri. Yule wa pili alipoona mwenzake ameinama, naye akainama, tena chini zaidi, asije akaonekana hana heshima kwa wazee. Nikamvua na yeye. Akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele. Elkanah alinitazama, akawatazama wakubwa, akaona wanapiga makofi, naye akapiga.

Nikakunja nusu mbili, nikaziweka kwapani, nikatembea. Hakuna aliyenizuia. Nadhani kila mmoja alidhani mwenzake anaijua hiyo mila. Nilipofika nyumbani niliketi sakafuni nikashangaa mikono yangu kama ni ya mtu mwingine. Nilingoja askari waje. Hawakuja.

Jioni jirani alinieleza mwisho wake. Utepe ulikatwa, mlango ukafunguliwa, ndani kulikuwa na meza moja. Wageni walipoondoka, kufuli ilirudi.

Siku ya soko nikazipeleka kwa Bashir. Alizitandaza juu ya cherehani, akapitisha kidole kwenye ukingo.

"Wallahi, nimekata nguo miaka thelathini. Huu ni mkato wa mtu mwoga. Tazama unavyoyumba."

"Inaweza kuungika?"

"Nipe dakika tano nipige mashine. Lakini mshono utakula kidole kimoja huku na kimoja huku. Barabara zako hazitakutana tena."

Hilo nilikuwa nimeliona tangu usiku wa siku ile ya wageni, nikiwa nimezilaza pamoja kitandani. Ukivuta ukutanishe barabara, kijani kinapanda juu ya kijani. Ukiacha kijani, barabara inaruka pembeni kama gari la mlevi.

"Chukua satini hii," Bashir akasema. "Weka katikati kama mshipi. Bi harusi aliikataa."

"Shamba la miwa halivai mshipi, Bashir."

"Basi linavaa nini, profesa?"

Nikapekua mfuko wake wa mabaki mpaka chini kabisa. Nikapata kipande kirefu cha kaki, rangi ya maji machafu ya mvua. Kila shamba la miwa lina mtaro unaolikata, na barabara ikifika mtaroni hukatika, ikaanzia ng'ambo mahali pengine, na hakuna dereva anayelia. Navalayo hakuuweka mtaro. Alikuwa akitazama kutoka juu ya trela. Mimi ndiye nilikuwa nikiruka mtaro na mzigo kichwani.

"Huo utaonekana," Bashir akasema.

"Acha uonekane."

Nilishona wiki tatu kwa mkono. Nilianza katikati ya kaki nikienda nje, nikifukuza mikunjo. Viraka kumi na tatu niliviziba kimoja kimoja, na kwa viwili nilifumua mara nne.

Sasa najifunika nayo mwenyewe. Kwa sababu ya ule mtaro imekuwa ndefu kuliko kitanda, inateleza upande wa miguu, na kila asubuhi naivuta irudi.