Debe Lililokataa Kunyanyuka

Hamdan alilishika debe kwa mikono miwili, akainama, akajikaza, akavuta. Debe halikutikisika. Akatema mate viganjani, akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na ule mti uliokuwa ndani ukapunga matawi yake kidogo tu, ukatulia. Akachutama na kukwangua udongo pembeni kwa kidole. Bati la chini lilikuwa limeliwa na kutu likaisha, na mahali pake palikuwa na mzizi mnene kama kifundo cha mkono wake, umezama wima katika ardhi ya Kibra.

"Lahaula!" akasema.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, zimebaki siku tisa kufika Krismasi ya mwaka wa 1937. Hamdan alikuwa Mwislamu, mwana wa Mwislamu, na Krismasi haikuwa sikukuu yake. Ilikuwa kazi yake. Alikuwa mtunza bustani wa memsabu mmoja wa Barabara ya Ngong, na jukumu lake la Desemba, lililompa jina miongoni mwa watumishi wote wa barabara ile, lilikuwa mti. Memsabu alikuwa amemsimulia kwamba kwao, kunakoanguka theluji, miti yote hubaki mifupa mitupu wakati wa baridi isipokuwa mmoja wenye majani kama sindano, na kwamba bibi yake mzaa mama aliuingiza sebuleni kila mwaka na kuuwashia mishumaa. Huku kwetu mti ule haupo. Wakashika mtarakwa, mwerezi wa milimani, wenye harufu ya sanduku jipya.

Mwanzoni alikuwa akiukata msituni. Alijifunza mwenyewe, bila mwalimu, kwamba mtarakwa ukikatwa hujiziba kidonda kwa utomvu, kwa hiyo ukifika nyumbani sharti uupunguze tena kitako upana wa vidole viwili, upate kunywa. Siku ya kwanza hunywa ndoo nzima. Ukikosa maji kutwa moja, umeuua. Usiuweke karibu na meko. Na mishumaa ikiwaka, wewe simama nyuma ya kiti na ndoo yako, watu waimbe, wewe usiimbe. Alijua yote hayo, na bado kila Januari aliuburura nje mti mkavu unaopukutikia zulia zima. Memsabu alikuwa akigeuza uso. Mwaka mmoja akasema, kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Hamdan, mimi hapana taka mti ya kufa. Lete ile iko na mizizi."

Basi akachimbua mche pembezoni mwa msitu wa Ngong, akautia katika debe la mafuta ya taa. Mbwa wa memsabu wakataka kuufukua bustanini, Hamdan akaubeba kwake Kibra. Kuanzia hapo ukawa msafiri: Desemba sebuleni kwa memsabu, miezi kumi na moja uani kwa Hamdan.

Sasa hapa ndipo palipokuwa na ujanja wake, na alijivunia ujanja huo kuliko kazi zake zote. Kibra ilikuwa ardhi ya serikali. Askari wa Kisudani waliopigania serikali hiyo walionyeshwa pori, wakaambiwa kaeni, nao wakafyeka na kukaa. Kisha yakaja makaratasi. Jenga kwa udongo, sawa. Kwa mawe, hapana. Lima mahindi, sawa. Panda mti, hapana, maana apandaye mti amejitangazia kwamba hatoki. Hamdan akasema, mti wa debeni haukupandwa, umewekwa tu. Alilihamisha debe kila mwezi, leo huku, kesho kule, ili mizizi isipate pa kushika. Wakaguzi walipita, wakalitazama, wakacheka, wakaenda zao.

Lakini Krismasi mbili zilizopita memsabu alikuwa Ulaya. Hakuna aliyehitaji mti, na Hamdan akazembea. Hakuligeuza debe hata mara moja. Yeye, fundi wa miti! Alijilaumu akajiona hafai hata kupewa kreti ya vitunguu aitunze.

Na angalia wakati wenyewe. Baba yake, Fadlalla, koplo wa zamani, alikuwa ameshazikwa, na karatasi ya kukaa Kibra ilikuwa kwa jina la mjane wake, Mabrouka, mama yake Hamdan. Kifua cha Mabrouka kilikuwa kibovu. Siku atakayokwenda, karatasi itakwenda naye, na Hamdan na mkewe na watoto wao watatu wataambiwa wafunge virago. Memsabu, aliporudi, alimwahidi kwamba mumewe, aliyekuwa mkubwa katika ofisi ya ardhi, atampa karatasi yake mwenyewe. "Wewe lete mti yangu Jumamosi," akasema. "Jumatatu mkaguzi nakuja ona nyumba. Kama safi, napiga sahihi." Safi maana yake ilikuwa moja: kusiwe na kitu kilichoshika ardhi.

Mabrouka alikuwa ameketi kwenye mkeka, palepale kivulini pa mti, anasuka. Alikuwa bingwa wa kawa, vile vifuniko vya chakula vya ukindu mwekundu, mweusi na kijani ambavyo kila nyumba ya Kibra ilivionea fahari. Hakuinua macho.

"Mama, debe limeoza chini."

"Halikuoza. Nililitoboa."

Hamdan alidhani masikio yanamchezea. "Umelitoboa?"

"Kwa msumari, mwaka ule memsabu alipopanda meli. Kutu imemalizia. Mti ulikuwa unafia miguuni, na wewe huna habari, unautazama juu tu."

"Mama, umenimaliza!" Alipiga kelele, naye hakuwa mtu wa kumpigia mama yake kelele. "Unajua Jumatatu anakuja nani? Unajua? Watatutupa njiani na watoto!"

Mabrouka aliweka kazi yake mapajani. "Baba yako amekaa hapa miaka ishirini na mitano. Nyumba yake ya udongo nimeikandika upya mara nane. Ng'ombe wake walihesabiwa wakapunguzwa. Hakuna kitu chake hata kimoja kilichoishika ardhi hii ila yeye mwenyewe, kule makaburini. Nikasema, kimoja tu, Hamdan. Kimoja kishike."

Hamdan alikwenda kazini, akarudi, na njia nzima alikuwa akipiga hesabu isiyotoka. Akiuchimbua, atalazimika kuukata mzizi mkuu, na mtarakwa uliokatwa mzizi mkuu hauishi, na ardhini hakitabaki kitu cha mama. Akiuacha, mkaguzi atauona. Akiung'oa na kuutupa, atakwenda kwa memsabu mikono mitupu, na karatasi basi. Tena atakuwa amemng'oa mama yake pamoja na mti. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na moja, na aliona kila upande anaogeukia kuna bati. Alitamani kulia, akaona haya.

Ijumaa, baada ya swala, alikwenda tena kuchutama pale chini. Akapasua mabaki ya debe kwa nyundo, akayatoa kipande kipande. Ndipo alipoliona tawi moja changa, urefu wa kiganja, limechomoza karibu kabisa na ardhi. Akakumbuka jambo alilowahi kuonyeshwa na wapasua mbao wa Ngong: ukiukata mti wa jamii hii, usiunyoe mpaka chini. Uachie tawi la chini kabisa lenye majani. Mwaka ukipita, tawi lile litainua kichwa, litajifanya shina, na mizizi yote ya zamani itakuwa yake.

Akaleta msumeno.

"Mama, nitakata juu ya hili."

Mabrouka alitazama tawi, akatazama msumeno, akageuza uso ukutani kama memsabu alivyokuwa akiugeuza kila Januari. "Kata basi," alisema. "Usinionyeshe."

Mti ulianguka mikononi mwake taratibu, na uani pakajaa ile harufu ya sanduku jipya. Mahali pa kivuli palipigwa na jua kali. Hamdan alipata debe jingine, akausimamisha mti kwa vigingi na maranda ya mbao yaliyolowa, akaupunguza kitako vidole viwili, akafunika juu kwa udongo na kuvumwani, ile mimea laini ya kijani iotayo mawe. Mtu asiyejua angeapa kwamba una mizizi.

Jumamosi alikuja Muigai na mkokoteni kumsaidia. Muigai alikuwa mpishi wa memsabu, mtu wa Kawangware, Mkristo wa kukaa viti vya mbele, mwenye shamba alilorithi kwa babake. Aliinama upande wake wa debe, akanyanyua, nusura apepesuke kinyumenyume.

"Ala! Mwepesi hivi?"

Hamdan akaukaza upande wake wa debe.

"Mara ya mwisho tuliubeba wawili, mgongo ukaniuma mpaka Pasaka," alisema Muigai akicheka. Kisha akamwona mwenzake usoni, akaacha kucheka. Alichungulia uani, akaona udongo uliomwagika na kisiki kibichi, akaona mama mzee anavyojifanya haoni kitu. Wakaupakia mti, wakasukuma mpaka barabarani.

"Miti ya mpaka wangu ilipandwa na babu," Muigai akasema hatimaye. "Hakuomba ruhusa ya mtu."

"Una bahati, ndugu yangu."

"Nilikuwa nayo. Mwaka huu wamekuja na minyororo ya kupimia ardhi." Akasukuma hatua kadhaa. "Huo mti ni mzito sana, Hamdan. Ndivyo nitakavyosema nikiulizwa."

Memsabu alipiga makofi mlangoni. Aliyashika majani, akayanusa, akafumba macho, na kwa dakika nzima Hamdan alimwonea huruma, maana naye pia alikuwa mbali na kwao. Kisha akafumbua macho na kuuliza, "Mizizi iko?"

"Iko, memsabu," alijibu Hamdan. Ataumwagilia ndoo asubuhi, ndoo jioni. Mti ukimstahi, atafika nao Januari. Baadaye atasema umekufa kwa joto la meko.

Jumatatu saa nne, mkaguzi akaingia uani, kijana wa Kizungu mwenye soksi ndefu na fimbo, bahasha kwapani. Hamdan alikuwa amefagia tangu alfajiri. Alikuwa amekusudia kulifunika lile tawi kwa kuni, au kwa ndoo iliyogeuzwa. Lakini alipotoka chumbani kumpokea mgeni alikuta mama yake amemtangulia. Mkeka ulikuwa umetandikwa palepale. Mabrouka alikuwa amekaa, miguu ameikunja, amevaa nguo yake ya Idi, na kando ya goti lake ilisimama kawa kubwa, nyekundu na nyeusi, iliyochongoka juu.

Mkaguzi alizunguka nyumba. Aligonga ukuta kwa fimbo, akaridhika kwamba ni udongo. Akatazama juu ya paa. Akauliza liko wapi lile debe lenye mti, maana alisikia habari zake ofisini.

"Kwa memsabu, bwana. Kwa ajili ya Krismasi."

"Vema." Akageuka kuondoka, akasita. Fimbo yake ikanyooka kuelekea kwenye kawa. "Chini ya ile kuna nini?"

Mabrouka ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mwenyeji.

"Chakula cha mwanangu. Hajala sawasawa tangu Alhamisi." Kisha akafanya jambo ambalo lilimfanya Hamdan afumbe macho. Alisogea kwenye mkeka, akapapasa nafasi iliyobaki wazi. "Kwetu kawa haifunuliwi na aliyesimama. Karibu ukae, bwana. Vua viatu, unawe mikono, ule naye."

Hamdan alimsikia kuku akiparua nyuma ya nyumba. Akaona, kwa macho yaliyofumbwa, mkono mweupe unashika kile kichwa cha kawa, unakinyanyua, na kitu kidogo cha kijani kinatokea hadharani, na mama yake, na watoto, na virago.

Alipoyafumbua, mkaguzi alikuwa akiutazama mkeka, halafu viatu vyake, halafu ile birika ya kunawia.

"Asante, mama," alisema. "Mimi nimekwisha kula."

Alitoa karatasi kwenye bahasha, akaiweka juu ya kiti, akaisoma kwa haraka. Hamdan bin Fadlalla anaruhusiwa kukaa. Hatajenga cha kudumu. Hatapanda cha kudumu. Ruhusa hii yaweza kuondolewa siku yoyote bila fidia. Kidole gumba kikachovywa kwenye wino, kikakandamizwa. Mkaguzi akapeperusha karatasi ikauka, akampa, akaenda zake kwa nyumba ya jirani.

Hamdan alibaki ameishika. Usiku ngapi ameiota karatasi hii! Alisubiri furaha ije, na furaha haikuja. Jina lake lilikuwapo, limeandikwa vizuri, na kando yake alama ya kidole chake, nyeusi. Aliyakumbuka maneno yale, siku yoyote, akalikumbuka lile debe alilokuwa akilihamisha huku na kule miaka yote hiyo, akijiona mjanja. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaja kukaa mkekani kando ya mama yake.

"Na kama angekaa?" aliuliza.

"Hawakai," alisema Mabrouka. Lakini mikono yake ilikuwa bado imeing'ang'ania kawa, na Hamdan akaishika yote miwili mpaka ikalegea.

Kisha akaifunua kawa. Kisiki kilikuwa kimetoa utomvu, umeganda juu ya kidonda. Ubavuni, lile tawi changa lilikuwa palepale, bichi, limelala chini, halijaamua lolote.

Akalipima kwa kiganja. Akaipima kawa kwa ndani, toka ukingoni hadi kwenye ncha.

"Mwakani litagusa juu, Mama," alisema.

Mabrouka alivuta fungu la ukindu kutoka nyuma yake, akachagua uzi mrefu kuliko wote, akaulainisha kwa midomo.

"Nitasuka kubwa zaidi," alisema, akaanza kukunja duara.