Maiki Upande wa Wanawake

Mukhtar alikuwa ameinama nyuma ya spika, anachuna waya kwa meno, na jenereta inamfukizia moshi usoni. Petroli ameinunua papo hapo kijijini Siyu, ya chupa, kwa bei ya kumfanya mtu aape. Mahamri yenyewe siku hizi yamepungua ukubwa hata unaona haya kumtilia mgeni kwenye sahani. Halafu waje watu na boti mbili za injini wakwambie mafuta yakichimbwa baharini maisha yatakuwa rahisi. Haya, tuwaamini!

Amplifaya ile ndiyo kazi yake, hana nyingine. Harusi za mjini Amu, maulidi, mawaidha, kote anaitwa yeye. Lakini mwezi uliopita aliwapigia watu wa maandamano, wale wanaopinga uchimbaji, akanyang'anywa mashine na askari kwa kisa cha kukosa kibali. Tangu siku hiyo mkewe Mardhiya anapika uji jioni na kuuita chakula cha usiku. Jana ofisa mmoja wa serikali, Hudson, anayezunguka visiwani na watu wa kampuni kuwaandalia baraza, akamrudishia kwa sharti.

"Utatupigia baraza zetu. Ukifanya kazi poa, mashine ni yako. Ukileta siasa, sahau."

"Sina siasa mimi, bwana," Mukhtar alijibu. Angesema nini tena?

Basi baraza likaanza uwanjani pa shule. Wanaume vitini, juani. Wanawake wamekaa kwenye mikeka ndani ya darasa, pazia limeteremshwa mlangoni. Mtu wa kampuni, shati jeupe limemganda mgongoni kwa jasho, akaeleza kuwa ni kisima kimoja tu cha kujaribu, kule mbali, hata hakionekani. Akataja ajira, akataja masomo ya watoto. Mzee Abubakr, mvuvi, akauliza nani atawalipa mafuta yakimwagika kwenye mwamba wa samaki. Akaambiwa swali lake ni zuri sana. Akasubiri jibu, kumbe jibu ndilo hilo!

Hudson akachukua maiki. "Upande wa akina mama naona wametulia. Tuseme wameridhika."

"Hatukuridhika!" Sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Leteni maiki huku!"

"Waya haifiki, mama." Hudson akacheka. "Wewe niambie tu, nitakusemea."

Nitakusemea! Mwanamume mzima, hata jina la mama yule halijui. Watu wakageuka kumtazama Mukhtar. Aliwachukia kwa kumtazama vile. Waya mrefu alikuwa nao mfukoni mwa begi, na wote waliuona alipokuwa akifungua vyombo. Akauwaza uji wa Mardhiya. Kisha akamwona Hudson bado anacheka, damu ikamchemka, akauvuta ule waya, akauunga, akauburura uwanja mzima mpaka mlangoni na kupitisha maiki chini ya pazia.

"Mimi ni Thuwaiba," sauti ikasema, safari hii kwenye spika zote mbili. "Nashuka mwambani kutafuta pweza tangu sijavunja ungo. Walipokuja kuipima bahari tuliambiwa tusishuke, hatukushuka. Hakuna aliyekuja kuuliza watoto wetu wamelalia nini. Leo mwataka kuitoboa. Mai yakiharibika nyinyi mna ndia ya kurudi kwenu. Sisi twende nti gani? Mtu asende akasema tumekubali. Wanawake wa Siyu hatutaki!"

Askari aliyekuja na Hudson aling'oa plagi kwenye jenereta. Spika zikakata. Lakini darasani wanawake walikuwa wameshashika, hatutaki, hatutaki, na wanaume vitini wakadakia.

"Washa mashine nifunge mkutano!" Hudson alimfokea Mukhtar. Mpiga picha wa kampuni alishaelekeza kamera, anangoja maneno ya kufungia.

Mukhtar akairudisha plagi, akainama nyuma ya amplifaya, akachomoa fyuzi, akaifumbata.

"Imekufa, bwana. Mmekata moto ghafla, imeungua."

Hudson akabonyeza mwenyewe, akabonyeza tena. Wapi! Ikabidi afunge kwa koo lake. Mishipa ya shingo ikamsimama, mdomo unafunguka na kufumba, na mpiga picha anatikisa kichwa kwa kuwa hasikii anachosema.

Wakamwamuru aibebe mashine mwenyewe mpaka gatini, maana ni nzito. Aliibeba kifuani. Maji ya bahari yalikuwa yakitoka, boti zimebakiwa na kina kidogo tu cha kuondokea.

"Nisikize vizuri," Hudson akasema, safari hii kwa upole. "Kama iko sawa, sema. Kesho tunaenda nayo baraza la kijiji cha Chundwa, jioni unaibeba kwako, mambo yameisha. Kama imekufa, hiyo ni takataka tu."

Fyuzi ilikuwa mfukoni. Kuirudisha ni kazi ya dakika moja. Mukhtar akawafikiria wanawake wa Chundwa nyuma ya pazia lao, na huyu hapa na maiki mkononi, akisema wameridhika.

"Imekufa," akasema.

Hudson akaipiga teke. Ikaanguka majini, maji ya magotini, ikalala matopeni vitufe juu, inatoa mapovu. Boti zikawashwa zikaondoka.

Mukhtar alishuka na viatu vyake. Bi Thuwaiba naye, aliyewafuata mpaka gatini, akakunja buibui akashuka, wakaiinua pamoja. Maji yakawachuruzikia mikononi kutoka kwenye matundu yake.

"Tukiianika jua lote la kesho?" Bi Thuwaiba akauliza.

"Maji ya chumvi haya, Bi. Haiponi."

"Si ilikuwa mbovu tangu huko shuleni?"

Mukhtar akaitoa ile fyuzi mfukoni, akamtia Bi Thuwaiba kiganjani.

"Ilikuwa nzima, Bi," akasema. "Nzima kabisa."